Mombasa kwenda Nairobi: tiketi ipi inunuliwe kwanza?

Kutoka uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, hadi JKIA, uwanja mkubwa wa ndege wa Nairobi, ni kama kilomita 420 angani. Ratiba huandika saa moja, lakini ndege ya jeti yenyewe hukaa hewani kama dakika 45 tu. Ndiyo maana watu husema Nairobi ni saa moja. Saa moja ya nani? Mimi huanza kuhesabu ninapofunga mlango wangu Nyali, hapa Mombasa, na hesabu hiyo ndiyo inayopanga orodha hii.

Namba moja ni ndege ya alfajiri, na begi la mkononi tu. Ukitoka kabla foleni ya magari ya Makupa na Changamwe haijaanza, ukafika uwanjani saa moja na nusu kabla ya ndege kuondoka, utakuwa mjini Nairobi saa nne hivi tangu ufunge mlango. (Wa Diani siku hizi wana barabara ya Dongo Kundu, hawaisubiri feri ya Likoni.) Ya jioni siipendi: ikichelewa, umelala uwanjani.

Kabla ya kulipa, angalia inatua wapi. Kenya Airways na Jambojet hushuka JKIA, na ukilipia barabara ya juu, Westlands si mbali. Lakini kama shughuli yako iko Lang'ata, Karen au Kilimani, tafuta ndege inayotua Wilson, uwanja mwingine wa Nairobi ulio karibu na huko, hata ikizidi bei kidogo. Teksi itakurudishia tofauti.

Tena soma habari ya mzigo. Tiketi ya bei ya chini mara nyingi haina begi la kupakia. Niliwahi kwenda na kikapu cha embe ngowe za shangazi, nikapimiwa pale kaunta, nikalipa pesa ambazo zingeninunulia vikapu vitatu Kongowea. Shangazi mpaka leo hajaambiwa. Nunua wiki mbili tatu mbele, na Desemba mapema zaidi. Kiti chagua cha dirishani kushoto: mawingu yakiwa mbali, Kilimanjaro utaiona yote.

Namba mbili, SGR, yaani treni ya reli mpya. Treni ya moja kwa moja huchukua saa tano hivi, inayosimama vituoni zaidi ya hapo. Tangu Januari 2024 daraja la kawaida ni shilingi 1,500 na la kwanza 4,500. La kwanza sinunui. Kwa pesa hiyo, ukiwahi mapema, ndege haiko mbali. Ubaya wa treni uko miisho yote miwili: kituo cha Mombasa, Miritini, lazima ufike saa nzima kabla, mabegi yapangwe chini mstari mmoja mbwa wayanuse, na ukishuka Syokimau, kituo cha Nairobi, bado hujafika mjini. Jumla ni saa saba na ushei. Kwa familia yenye watoto na mizigo, hata hivyo, hii ndiyo namba moja. Weka nafasi kwa simu, *639#, maana wikendi viti huisha siku nyingi kabla.

Basi la usiku linaloondoka Mwembe Tayari, Mombasa, naliweka mwisho: saa nane hadi kumi, malori mbele na nyuma, chai ya njiani Mtito Andei usingizini. Lakini ukiambiwa leo saa kumi jioni kwamba kesho asubuhi kuna maziko Nairobi, ndege zimejaa na treni imejaa, kiti cha basi hakikosi.