Vidonge vya utamu wa chai: kipi ununue, kipi ukiache rafuni

Mama alipoambiwa ana kisukari, hakulilia wali. Alilia chai. Nikaenda kumtafutia vidonge vya utamu, nikakuta makopo matano, yote yameandikwa "bila sukari" kwa mbele. Geuza kopo: habari iko nyuma, kwenye namba za E, yaani alama za viongezwa vya chakula. Kwa mnywaji chai, mimi nayapanga hivi.

Ya kwanza ni sukralosi (E955). Ni tamu mara 600 kuliko sukari, na inastahimili chai ya maziwa inayochemka sufuriani. Chukua ya vidonge; ile ya unga wa kupima kwa kijiko mara nyingi imejazwa maltodekstrini, ambayo ni wanga.

Ya pili stevia (E960), inayotokana na majani ya mmea wa Paraguay. Huacha uchungu kidogo kooni. Angalia pakiti isije ikawa deksitrosi iliyonyunyiziwa stevia, maana deksitrosi ndiyo glukosi yenyewe, sukari ileile inayopimwa kwenye damu.

Aspatame (E951) naiweka ya tatu, na si kwa ajili ya saratani. Mwaka 2023 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo "huenda" vinaleta saratani, lakini kamati ya wataalamu wa WHO na FAO (shirika la chakula la Umoja wa Mataifa) ikaacha kikomo palepale: miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60 anaruhusiwa 2,400 kwa siku, na kidonge kina kama 20 tu. Tatizo ni moto: ukiichemsha, utamu unapotea. Itie kikombeni. Mwenye fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi ambao mwili hushindwa kuchakata sehemu mojawapo ya aspatame, asiiguse kabisa.

Ya nne ni sakarini (E954), kongwe kuliko zote. Mwaka 1879 huko Baltimore, Constantin Fahlberg alitoka maabara bila kunawa vizuri, akashangaa mkate wake ni mtamu. Mwaka 1977 Marekani ilitaka kuipiga marufuku kwa sababu panya walioilishwa walipata uvimbe wa kibofu; Bunge likazuia, kwani wenye kisukari hawakuwa na kingine cha kutumia. Onyo likabaki kwenye pakiti hadi 2000, ilipokubalika kwamba kinachowapata panya dume hakimpati binadamu. Ninayoilalamikia mimi ni ile ladha ya chuma ulimini.

Ya mwisho ni saiklamati (E952). Marekani iliipiga marufuku mwaka 1969 na haijairudisha. Ulaya inauzwa, kwa kikomo cha miligramu 7 kwa kilo. Huuzwa ikiwa imechanganywa na sakarini, sehemu kumi kwa moja, na kidonge huwa na kama miligramu 40. Mtu mzima hana shida. Mtoto wa kilo 15 anafikia kikomo kwa vidonge viwili na nusu, na watoto hupenda kikopo chenye kitufe cha kutolea vidonge.

Kama unataka kupungua mwili tu, WHO mwaka 2023 ilishauri usitegemee vitu hivi. Ushauri huo hauwahusu walio tayari na kisukari.

Mama amebaki na sukralosi. Anabonyeza mara moja, anatazama kama tunamwangalia, anabonyeza tena.