Sheka ya mililita 550: mkebe ununue, kipimo chake usikiamini

Seti hii ya sheka, yaani chombo cha kutikisia vinywaji, inauzwa kwenye boksi moja: mkebe wa chuma cha pua wa mililita 550, kifuniko chenye chujio ndani yake, kikofia cha juu, kipimo cha pande mbili, kijiko kirefu na mchi mfupi wa mbao. Ni ya kuchanganyia kokteli za asili nyumbani, na kwa nyumba isiyoingiza kilevi inafaa vilevile kwa ndimu na ukwaju. Kinachostahili fedha hapa ni mkebe na kifuniko chake.

Namba 550 ni ujazo mpaka ukingoni, kwa hiyo isikupumbaze. Barafu inataka theluthi mbili ya mkebe, na kinachobaki kinatosha vinywaji viwili. Daikiri moja ni mililita 60 za ramu nyeupe, 25 za maji ya ndimu na 20 za shira, jumla 105. Ukitia ya watu watatu, barafu inakosa pa kuchezea na kinywaji kinatoka vuguvugu. Kabla ya kulipa, geuza mkebe utazame chini kama umeandikwa 18/8, yaani kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8. Ukiwa na sumaku, ijaribu: ikinata kwa nguvu, chuma hicho hakina nikeli, na kwa hewa yetu ya chumvi kitaota kutu mapema, kwanza pale kwenye maungio.

Lawama kubwa ya sheka za vipande vitatu ni kifuniko kuganda. Sababu yake ni baridi: hewa iliyo ndani inapoa na kusinyaa, ikakivuta kifuniko chini. Unapofunga, bana kifuniko kikofia kikiwa kimetolewa ili hewa ipate pa kutokea, ndipo ukirudishe kikofia. Unapofungua, anza na kikofia. Kikikataa, zungushia kitambaa chenye maji ya moto shingoni kwa sekunde chache. Kukigonga kwenye ukingo wa meza kunapinda mdomo wa mkebe, na mdomo uliopinda huvuja siku zote. Soda isiingie humo kabisa, kwani gesi hurusha kifuniko. Itiwe mwisho, kwenye bilauri.

Chujio la ndani linafanya kazi nzuri kwa ndimu tupu. Kwa majani ya nanaa na kokwa za pasheni matundu huziba, na ukilazimisha, kinywaji kinashuka tone kwa tone huku barafu inayeyuka. Ondoa kifuniko chote, mimina kupitia chujio la chai.

Kipimo ndicho kasoro halisi ya seti hii. Hakina mistari ya ndani, na upande wa mililita 30 hauelezi kama ni mpaka ukingoni au chini kidogo. Tofauti ya mililita 5 za ndimu inatosha kuiharibu daikiri. Nunua bomba la sindano la mililita 10 duka la dawa, au tumia kile kikombe chenye mistari kinachokuja na dawa ya kikohozi. Ndimu zetu ndogo hutoa mililita 10 hadi 20 kila moja, na mbili za fungu moja hazilingani, kwa hiyo pima maji, usihesabu ndimu. Zikamue siku hiyohiyo bila kuliminya ganda mpaka mwisho; uchungu unatoka kwenye ganda.

Barafu ndiyo inayoamua. Robo hadi theluthi ya kilichomo kwenye bilauri ni maji yaliyotoka kwenye barafu wakati wa kutikisa, kwa hiyo igandishe kwa maji ya kunywa mazuri, kwenye bakuli, kisha uivunje vipande vikubwa. Vipande vidogo vyenye tundu huyeyuka kabla kinywaji hakijapoa. Barafu ya mfuko iliyobebwa juani kutoka sokoni Darajani mpaka Mbweni, hapa Unguja, inafika imelowa. Imwage maji, irudishe kwenye friza saa moja. Tikisa kwa nguvu sekunde 10 hadi 12, kwa kuhesabu. Usingoje mkebe utoe jasho: miezi ya Kaskazi unatoa jasho ukiushika tu.

Shira ya kaimati haifai hapa. Ni nzito, inazama chini ya barafu, na iliki yake inaifunika ramu. Changanya sukari na maji ya moto kiasi sawa, koroga mpaka iwe angavu, ipoze. Kwa wasiokunywa kilevi: rojo la ukwaju lililochujwa mililita 45, shira 30, maji ya tangawizi 10, maji baridi 60, kisha tikisa hivyohivyo. Povu lake ni zuri kuliko la blenda.

Kijiko kirefu kinapinda, lakini kwa negroni kinatosha: jini, vermuti nyekundu (mvinyo wenye viungo) na Campari (kilevi chekundu kichungu) mililita 30 kila kimoja, koroga sekunde 20 hadi 30 kwenye barafu. Kinywaji kisicho na maji ya tunda hakitikiswi, kinakuwa na ukungu na maji mengi. Mchi unafaa kwa kokteli iitwayo dawa, inayotengenezwa ndani ya bilauri yenyewe: vodka, ndimu na asali. Asali iliyotiwa juu ya barafu inaganda kama gundi. Ilegeze kwanza kwa maji ya moto, sehemu mbili za asali kwa moja ya maji. Ukitumia Konyagi badala ya vodka, kilevi chake ni asilimia 35 tu, kwa hiyo punguza ndimu kidogo.

Osha mkebe mara tu unapomaliza, kwa sabuni na sponji laini. Dawa ya klorini hutoboa chuma hiki vitundu, na stiliwaya huacha chembe zake zinazoota kutu juu yake. Futa, uuache wazi mpaka ukauke. Ukiufunga na unyevu, kesho unanuka ndimu iliyochacha.