Kitabu cha kwanza cha Python: nilichojutia na nilichobaki nacho

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho, Mtwara Vijijini. Minada ikishaanza mwezi wa kumi, sina usiku wala mchana: mizani, stakabadhi, majina ya wakulima, kilo, makato. Yote hayo huishia kwenye Excel, na msimu wa mwaka juzi nilikuwa nanakili safu moja baada ya nyingine mpaka saa tano usiku. Nikaapa kwamba korosho zikiisha nitajifunza kuandika programu mwenyewe, kwa Python, mojawapo ya lugha za kuiandikia kompyuta maagizo. Shuleni sikusoma kompyuta, na Kiingereza changu ni cha kidato cha nne. Kwa hiyo naandika kwa ajili ya mtu anayeanzia pale nilipoanzia mimi.

Kitabu cha kwanza nilikinunua kwa mtu anayeuza vitabu vilivyotumika, Dar es Salaam, kikaja kwa basi. Shilingi 35,000, mbali na nauli ya mzigo. Kilikuwa kinene, jalada safi, na muuzaji alinihakikishia kwamba ni cha wanaoanza. Jioni ile ile, nyumbani Chikongola, nikafungua laptopu nikanakili zoezi la kwanza: neno print, yaani amri ya kuonyesha maandishi kwenye skrini, nafasi, kisha salamu ndani ya alama za kunukuu. Yakatoka maandishi mekundu. Nikafuta, nikaandika tena herufi kwa herufi. Mekundu tena. Siku nne nilizunguka hapo hapo, nikaanza kuamini kwamba kichwa changu hakikuumbwa kwa mambo haya.

Mpwa wangu anayesoma chuo alipokuja kunisalimia, alifungua ukurasa wa mbele akasoma mwaka. "Mjomba, huna kosa. Kitabu hiki ni cha Python 2. Wewe umeweka Python 3."

Python ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1991, kazi ya Guido van Rossum. Toleo la 3 lilikuja Desemba 2008, na lilibadilisha mambo kiasi kwamba programu nyingi za zamani hazifanyi kazi humo bila kurekebishwa. Toleo la 2 liliacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Lakini vitabu vyake bado vimo mikononi mwa watu, na anayeanza hana macho ya kuvitambua. Yale maandishi mekundu yalikuwa yananiambia tu kwamba mabano hayapo baada ya print. Mimi sikujua kuyasoma.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, fungua sura ya kwanza utafute print. Kama hakuna mabano baada yake, kirudishe. Ukikutana na raw_input, amri ya Python 2, kirudishe vilevile. Jambo hilo la nusu dakika lingeniokolea siku nne na shilingi 35,000.

Mpwa akanipakulia Think Python cha Allen Downey, ambacho mwandishi anakitoa bure. Angalia uchukue chapa ya pili au ya baadaye, maana ya kwanza nayo ni ya Python 2. Ni kitabu kizuri sana, na kila sura inafungwa kwa orodha ya istilahi na maana zake, jambo lililonisaidia mno kwa upande wa lugha. Lakini kinamfundisha mtu kufikiri kama mwanasayansi wa kompyuta, na mapema tu kinataka uchore maumbo kwa kufuata hesabu za pembe. Mimi nilikuwa na kilo za watu kichwani. Nikakiweka, ingawa nilikirudia baadaye.

Nilichobaki nacho ni Automate the Boring Stuff with Python cha Al Sweigart, chapa ya pili ya mwaka 2019. Kinasomeka chote bure mtandaoni, na leseni yake inaruhusu kunakili mradi usifanye biashara. Nilizihifadhi kurasa zake kwenye laptopu siku niliyokuwa na bando, kisha sura sita za mwanzo nikaziprinti steshenari kwa shilingi 100 kila ukurasa. Usidharau karatasi. Umeme ukikatika unasoma kwa taa, na unaandika pembeni kwa kalamu maana ya kila neno gumu.

Programu yake ya kwanza inakuuliza jina na umri, halafu inakuambia mwakani utakuwa na miaka mingapi. Nikaigeuza palepale: iniulize kilo za gunia la kwanza, kilo za gunia la pili, ijumlishe. Nikaandika 78, nikaandika 81. Jibu likaja 7881.

Niliitazama namba ile muda mrefu. Kisha nikarudi kwenye sura, nikakuta maelezo yamo humo humo: kila unachokiandika kupitia input, amri ya kukuuliza kitu, kompyuta inakipokea kama maneno, na maneno yakijumlishwa yanaunganishwa tu. Ukitaka namba nzima, lazima useme int. Nikasema int, ikatoka 159. Kesho yake nikajaribu 78.5, kwa kuwa mizani yetu inasoma nusu kilo, ikagoma. Hapo ndipo nilipoijua float, ya namba zenye desimali. Kitabu kinachokuacha ugeuze mfano wake uwe kazi yako, ukosee, halafu ulikute jibu kurasa chache mbele, kinafundisha kweli.

Kinapendekeza uandikie kwenye programu iitwayo Mu. Mimi nilitumia Thonny, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia. Ukiiweka inakuja na Python ndani, haihitaji intaneti kufanya kazi, na inaweza kupita mstari mmoja mmoja ukiona namba zinavyobadilika.

Kasoro zipo. Sura ya kutafuta ruwaza ndani ya maandishi ni nzito, na mifano yake ni namba za simu za Marekani, tarakimu tatu, tatu, kisha nne. Nilikwama wiki mbili. Nilipoiandika upya itafute namba zetu, sifuri kisha tarakimu tisa, ikafunguka, na siku hizi inanionyesha wakulima walioandikwa na namba pungufu kabla malipo hayajaenda. Sura za kuvuta taarifa kutoka kwenye tovuti niliziruka, zinakula bando. Ile ya Excel ndiyo niliyokuwa naiwinda tangu mwanzo. Inahitaji intaneti mara moja tu, kupakua openpyxl, kiongezo kinachoiwezesha Python kusoma na kuandika faili za Excel. Baada ya hapo unafanya kazi popote.

Msimu uliopita orodha ya mauzo ya mnada mmoja, kilo mara bei kutoa makato kwa kila mkulima, ilitoka kabla ya chakula cha usiku. Mara ya kwanza niliikagua yote kwa kikokotozi, jina kwa jina, maana hizi ni hela za watu.

Zile sura sita nilizoprinti sasa anazo karani mwenzangu wa chama cha jirani. Juzi alinipigia kuuliza kwa nini magunia yake mawili yamekuwa kilo elfu nane.