Programu ya Kuendeshea Darasa Binafsi la Muziki: Ipi Inunuliwe, Ipi Iachwe

Mwalimu anayefundisha piano, gitaa au uimbaji kwa mwanafunzi mmoja mmoja hununua programu kwa sababu mbili kubwa, nazo ni kupanga ratiba na kukusanya ada. Karibu kila programu inayouzwa kwa walimu huyamudu mambo hayo mawili, kwa hiyo hayasaidii sana katika kuchagua. Kipimo nilichokitumia kupanga nafasi katika mwongozo huu ni kipindi kilichokosekana. Mtoto ameamka na homa, mzazi ametuma ujumbe saa tatu kabla ya somo, na ada ya mwezi ilikwishalipwa. Je, programu itatambua kwamba mwanafunzi anadai kipindi cha fidia, italishika deni hilo hadi lini, na mzazi ataweza kuliona mwenyewe bila kulazimika kuuliza? Hapo ndipo mapato ya mwalimu huvuja kidogo kidogo na ndipo kutoelewana na wazazi huanzia, na hapo ndipo tofauti ya programu moja na nyingine huonekana waziwazi.

Kabla ya kununua

Programu hutekeleza kanuni, haikutungii. Andika kwanza, kwa sentensi chache ambazo mzazi yeyote ataelewa, mwanafunzi anatakiwa kutoa taarifa saa ngapi kabla ya somo ili astahili fidia, anaweza kupata fidia ngapi katika muhula, fidia hiyo inakwisha muda wake lini, na nini hufanyika pale ambapo aliyekosa ni mwalimu. Ukiingia sokoni bila majibu hayo utajikuta unafuata kanuni za mtu aliyeunda programu, ambaye hakujui wewe wala wanafunzi wako.

Amua pia namna unavyotoza, kwa sababu kalenda yenyewe ina mtego. Mwaka una wiki 52 na siku moja au mbili za ziada, maana yake kila siku ya juma hujitokeza mara nne katika miezi takriban minane na mara tano katika miezi minne iliyobaki, au mitano kwa siku ile inayobahatika kujitokeza mara 53. Mwanafunzi wa Jumanne anayelipia kila kipindi atapata ankara kubwa zaidi katika mwezi wenye Jumanne tano, ilhali anayelipa ada moja ya mwezi atalipa kiasi kilekile. Njia zote mbili ni halali, ingawa mimi napendelea ada moja ya mwezi iliyokokotolewa kwa mwaka mzima: ukifundisha vipindi 44 kwa mwaka, zidisha 44 kwa bei ya kipindi, kisha gawanya kwa 12, na mzazi atajua mapema atakacholipa. Programu isiyoweza kutoza kwa njia uliyoichagua iache, hata kama ina mapambo ya kuvutia kiasi gani.

Nafasi ya kwanza: programu ya walimu wa muziki inayotoza kwa mwalimu

Kwa mwalimu anayefanya kazi peke yake na mwenye wanafunzi zaidi ya kumi na watano hivi, hili ndilo chaguo ninalolipendekeza, na mfano wake unaojulikana zaidi ni My Music Staff. Bei yake hupangwa kwa idadi ya walimu, si ya wanafunzi, hivyo darasa linapokua gharama haipandi. Ndani yake mna kalenda, daftari la mahudhurio, ankara zinazojitengeneza kwa tarehe unayoipanga, sehemu ambayo mzazi au mwanafunzi huingia kuona ratiba na salio lake, kumbukumbu za mazoezi, na orodha ya vitabu na vifaa ulivyoazimisha. Hiyo orodha ya vitu vilivyoazimwa huonekana ndogo mpaka pale mwalimu anapotafuta kitabu cha mazoezi kilichoondoka na mwanafunzi aliyehama.

Nguvu yake halisi iko katika mahudhurio. Unapofunga kipindi, huandiki tu kwamba mwanafunzi amekuja au hakuja. Unatenganisha aliyekosa kimya, aliyekosa akiwa ametoa taarifa, na kipindi kilichofutwa na mwalimu mwenyewe, kisha unaamua iwapo kipindi kitatozwa na iwapo mwanafunzi atapewa salio la fidia. Salio hilo hubaki kwenye jina lake hadi litumike au muda wake uishe. Uamuzi uliokuwa ukifanyika kichwani, mara nyingi kwa haraka mlangoni wakati mwanafunzi anayefuata amekwishafika, sasa una mahali pake pa kuandikwa.

Udhaifu wake nao uwekwe wazi. Programu za aina hii hutumika kupitia intaneti, kwa hiyo mtandao ukikatika nawe huna daftari. Hulipiwa kila mwezi bila kikomo, na siku unayoacha kulipa ndiyo siku unayopoteza nafasi ya kuitumia. Malipo ya kadi hupitia kampuni kama Stripe na PayPal, ambazo hazihudumii walimu wa kila nchi kwa usawa, hivyo hakikisha mapema kwamba unaweza kufungua akaunti ya kupokea fedha mahali ulipo. Ikishindikana, utaandika malipo kwa mkono, jambo linalowezekana lakini linalopunguza sehemu ya faida uliyoilipia. Zipo pia programu za aina hii zinazopanga bei kwa ngazi za idadi ya wanafunzi. Hizo humfaa anayeanza na wanafunzi wachache, ila kabla ya kujisajili soma bei ya ngazi inayofuata, kwa kuwa ndiyo utakayolipa mambo yakienda vizuri.

Nafasi ya pili: kalenda na lahajedwali

Mwenye wanafunzi walio chini ya kumi na watano hahitaji kununua chochote, na nasema hivyo nikijua kwamba mwongozo wa kununua unatarajiwa kuuza kitu. Google Calendar na Google Sheets, au Excel au LibreOffice Calc kwenye kompyuta isiyo na mtandao, zinatosha endapo mwalimu ana nidhamu ya kuandika siku ileile. Lahajedwali ni jedwali la kompyuta lenye mistari na safu, linalojifanyia hesabu.

Katika kalenda, kila mwanafunzi awe na tukio linalojirudia kila wiki. Anapobadilisha siku kwa wiki moja tu, badilisha tukio hilo moja peke yake. Anapohamia siku nyingine moja kwa moja, badilisha tukio hilo na yote yanayofuata. Usibadilishe matukio yote, kwa sababu utakuwa umefuta historia ya vipindi vilivyopita, na historia hiyo ndiyo ushahidi wako mzazi anapouliza. Usiwagawie wazazi kalenda yako nzima pia, kwani kila mmoja ataona majina na saa za watoto wa wenzake.

Katika lahajedwali, mstari mmoja uwe kipindi kimoja: tarehe, jina la mwanafunzi, muda kwa dakika, hali, na maelezo mafupi. Safu ya hali ndiyo moyo wa kazi. Tumia herufi moja moja: H kwa aliyehudhuria, T kwa aliyekosa na kutoa taarifa kwa wakati, K kwa aliyekosa kimya, M kwa kipindi kilichofutwa na mwalimu, na F kwa kipindi cha fidia kilichokwishatolewa. Kwa fomula ya COUNTIFS, inayohesabu mistari yenye sifa ulizozitaja, utahesabu herufi za kila mwanafunzi, na deni lako kwake litakuwa T jumlisha M, toa F. Ikiwa Asha ana T mbili, M moja na F moja, yeye hadaiwi kitu, wewe ndiye unayedaiwa vipindi viwili. Herufi K haimo katika hesabu, na hiyo ndiyo kanuni yako ikiwa kazini bila wewe kugombana na mtu. Malipo yakae katika ukurasa wa pili, yasichanganywe na mahudhurio.

Njia hii ina kasoro moja kubwa: haimkumbushi mtu. Ujumbe wa kukumbusha somo na ankara za mwisho wa mwezi utazituma mwenyewe, na wanafunzi wakifika ishirini, kazi hiyo huanza kula muda ambao ungefundisha. Hapo ndipo chaguo la kwanza huanza kujilipia.

Nafasi ya tatu: mifumo ya shule

Jackrabbit Music na mingine ya aina yake imejengwa kwa ajili ya shule zenye walimu kadhaa, vyumba vya kugawana, madarasa ya vikundi na mtu wa ofisini anayepokea simu. Humudu mambo ambayo programu ya mwalimu mmoja huyapapasa tu, kama kuhakikisha walimu wawili hawapangiwi chumba kimoja kwa wakati mmoja, au kukokotoa malipo ya kila mwalimu kwa vipindi alivyofundisha. Kwa mwalimu wa peke yake ni mzigo, kwa sababu kila hatua hupitia skrini nyingi zinazouliza maswali yasiyomhusu. Nimeipa nafasi ya tatu kwa sababu ya wasomaji wanaokaribia kuajiri, wengine waipite.

Nafasi ya nne: programu za miadi

Calendly, Square Appointments na nyinginezo humwezesha mteja kuchagua saa kati ya nafasi ulizoziacha wazi. Zimebuniwa kwa mteja anayekuja, anahudumiwa na kuondoka, ilhali mwanafunzi wa muziki huja saa ileile kila wiki kwa miaka. Kumbukumbu ya fidia ndiyo inayokosekana. Hata hivyo zina matumizi mawili mazuri kwa mwalimu: kupanga somo la kwanza la kujaribu kwa wanafunzi wapya, na kufungua nafasi chache za fidia ambazo wazazi huchagua wenyewe badala ya kukutumia ujumbe kumi na mbili wa kutafuta saa. Kwa kazi hizo, kifurushi cha bure kikiwapo mara nyingi hutosha.

Programu za kufuatilia mazoezi ya nyumbani sizipi nafasi. Nyingine ni nzuri kwa watoto, lakini haziendeshi darasa, na anayezinunua akidhani zitampunguzia kazi ya ofisi atakuwa ameongeza programu moja juu ya kazi ileile.

Gharama isiyoandikwa kwenye tangazo

Kampuni za malipo kwa kawaida hukata asilimia fulani ya kila muamala pamoja na kiasi kidogo kisichobadilika. Asilimia huikwepi, ila kiasi kile kisichobadilika hukatwa kila mara kadi inapotozwa. Mwalimu anayetoza kila kipindi hukikatwa mara nne au tano kwa mwezi kwa kila mwanafunzi, na anayetoza mara moja kwa mwezi hukikatwa mara moja. Vivyo hivyo kwa ndugu: chagua programu inayowaweka watoto wa familia moja katika akaunti moja yenye ankara moja, ambayo pia mzazi huisoma kwa urahisi zaidi.

Wanaofundisha kwa Zoom wajue kwamba tangu 2022 akaunti ya bure hukatisha mkutano katika dakika 40 hata kama mko wawili tu. Somo la nusu saa linaenea humo. La dakika 45 litakatika katikati ya wimbo, na gharama ya akaunti ya kulipia inabidi iingie katika hesabu yako. Ukifundisha wanafunzi wa nchi nyingine, hakikisha programu inaonyesha saa ya mahali alipo mwanafunzi, kwa kuwa baadhi ya nchi husogeza saa mara mbili kwa mwaka na tarehe zao za kusogeza hazilingani.

Kujaribu kabla ya kulipa

Programu nyingi hutoa muda wa kujaribu bila malipo. My Music Staff hutoa siku 30. Usiutumie muda huo kuangalia rangi na picha. Ingiza wanafunzi wanne wa kubuni: ndugu wawili wa familia moja, mmoja anayelipia kila kipindi, na mmoja anayeanza katikati ya mwezi. Mfutie mmoja somo kwa taarifa na mwingine bila taarifa, kisha toa ankara na uisome kama mzazi asiyekufahamu. Ikiwa huwezi kueleza kila tarakimu iliyomo kwa sentensi moja, mzazi hataweza pia.

Jaribio la mwisho ni la kutoka. Pakua orodha ya wanafunzi, mahudhurio na malipo katika faili la CSV, yaani faili la maandishi ya kawaida ambalo lahajedwali yoyote huweza kulisoma, ulifungue katika lahajedwali, na uhakikishe kwamba majina, tarehe na kiasi vimo. Programu isiyokuruhusu kuondoka na kumbukumbu zako usiinunue kwa bei yoyote ile. Kwa kuwa sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo ni za watoto, ingiza tu unachokihitaji kufundishia na kutozea: jina, simu na baruapepe ya mzazi. Picha ya mtoto na jina la shule anayosoma havihusiki na ankara.

Ukishachagua, hamia mwanzoni mwa mwezi au muhula, kamwe si katikati, na anza kwa kuingiza madeni ya fidia yaliyopo ili kila mwanafunzi aingie na salio lake sahihi. Watumie wazazi salio hilo kwa maandishi na uwape wiki moja ya kulipinga. Endelea kuandika katika daftari la zamani kwa mwezi mmoja sambamba na programu, kisha linganisha jumla za pande zote mbili kabla ya kutuma ankara za mwezi wa pili.