Shutter ya YoYoFactory: kabla hujaiita mbovu

Gentry Stein alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 2014 jijini Prague kwa Shutter, yoyo ya kampuni ya YoYoFactory, na kwa wengi ndiyo iliyokuja kuwa yoyo ya kwanza ya chuma. Tunasema chuma kwa mazoea tu. Mwili wake ni aloi ya alumini iitwayo 6061, na jambo hilo lina uzito wake pale skrubu inapokazwa. Ni yoyo tulivu, inazunguka muda mrefu mwishoni mwa uzi na inamvumilia anayejifunza. Lawama inayorudiwa ni kwamba inatetemeka. Mara nyingi kosa liko kwenye namna ilivyofungwa.

Kuyumba na kutetemeka ni mambo mawili. Yoyo inayoyumba inalalia upande na kuzungusha ukingo wake kama pia ya kuchezea inayokaribia kuanguka. Chanzo ni mkono ulioirusha ikiwa imepinda, na hilo halitibiwi kwa spana. Inayotetemeka husimama wima, ila uzi unavuma kidoleni. Gusisha ukucha ukingoni inapozunguka: ukucha ukiteleza laini ni dalili nzuri, ukidundadunda nusu mbili za yoyo hazijakaa mstari mmoja.

Kasoro haihitaji kuwa kubwa. Gramu 0.1 iliyozidi upande mmoja, milimita 28 kutoka katikati, kwa mizunguko 5,000 kwa dakika, huvuta kwa takriban nyutoni 0.77, nguvu inayozidi uzito wa yoyo yenyewe.

Anza na ekseli, mhimili unaounganisha nusu hizo mbili. Ni skrubu ya M4 (kipenyo cha milimita 4) isiyo na kichwa, hugeuzwa kwa alenki ya milimita 2. Ikizama mno nusu moja, nusu ya pili hushikwa na thredi chache na hukaa imepinda kidogo. Igawe urefu sawa pande zote, kisha funga kwa vidole mpaka igote, basi. Anayeendelea kukaza kwa nguvu anaipa ekseli ya chuma cha pua nafasi ya kula thredi za alumini, na thredi zikishaliwa yoyo hairudi kuwa ilivyokuwa. Mtetemo ukibaki, itoe ekseli, igeuze kichwa chini miguu juu, jaribu tena. Iviringishe pia juu ya kioo: iliyopinda hurukaruka. Ekseli mpya ni ya bei nafuu kuliko yoyo nyingine, kwa hiyo usihangaike kuinyoosha.

Kinachofuata ni beringi, kipete chenye gololi kinachoizungukia ekseli, saizi C: milimita 6.35 ndani, 12.7 nje, unene 4.76. Itoe kwa vidole na kitambaa huku ukiizungusha. Koleo huacha mikwaruzo pale inapokaa, na mkwaruzo huo ndio utakaokuwa mtetemo wa kesho. Pafute vizuri; kijinyuzi kimoja cha poliesta kilichobanwa chini ya beringi kinatosha kuiinua upande. Beringi yenye mchanga ivue vifuniko, itikise ndani ya spiriti ya isopropili, iache ikauke kabisa, kisha tone moja dogo la mafuta mepesi. Mafuta mengi huifanya yoyo irudi mkononi kabla mchezaji hajaiita kwa mbinu ya uzi.

Pedi za silikoni, zile zinazoushika uzi wakati wa kuirudisha yoyo, hukaguliwa kwa kupitisha kidole tu: iliyovimba au kubanduka ibadilishwe, na zibadilishwe zote mbili.

Baada ya hayo yote ndipo uanze kushuku kibonyeo kilichotokana na kugonga sakafu. Msasa laini huondoa ncha inayokata uzi, basi. Haurudishi mizani, na nyundo ndiyo kabisa usiiguse. Mtetemo mdogo unaosikika kwa ukucha tu hauipunguzii Shutter kitu mchezoni.

Kwa anayenunua iliyotumika, omba kuifungua kabla ya kulipa. Nusu zote mbili zishike ekseli kwa ulaini, bila kukwama wala kulegea katikati ya safari. Vibonyeo vya ukingoni vinaweza kupunguziwa bei; thredi iliyoliwa, iache hapohapo mezani.