Miaka mitatu ya isimu, na vistari vyangu wakavifuta

Ukiniuliza leo kama ukasome lugha na isimu, yaani sayansi ya lugha, kwenye chuo nilichosoma mimi, nakwambia usiende. Kasomee ufugaji wa kuku. Jina la chuo nalihifadhi, ila kipo hukuhuku Nyanda za Juu Kusini, kwenye baridi ile ambayo mwezi wa saba mtu anaingia darasani na blanketi mabegani na hakuna anayemshangaa. Mambo ya ada na sifa za kujiunga katafute mwenyewe. Mimi nina kisa kimoja tu, nacho ni cha kalamu nyekundu.

Mimi ni Mnyakyusa wa Rungwe. Nimelelewa na bibi, na kwa bibi Kiswahili kilikuwa cha shuleni na cha mgeni akija. Shule ya msingi nilikula viboko kwa kusema kilugha uwanjani, tena vya mwalimu ambaye jioni akifika kwake alikuwa anakisema hichohicho na mke wake. Sasa fikiria mtoto wa namna hiyo anaingia mwaka wa kwanza, mhadhiri wa fonolojia, somo la mpangilio wa sauti za lugha, anaandika ubaoni M31, anauliza: "Nani humu anatoka nyumba yenye namba hii?" Kumbe yule Mwingereza Malcolm Guthrie alizigawa lugha za Kibantu kwa herufi na namba. Kihehe ni G62, Kibena G63, Kinyakyusa M31. Nikanyoosha mkono. Ilikuwa mara ya kwanza maishani nanyoosha mkono kwa ajili ya kilugha bila kutandikwa.

Huyo mwalimu, jamani. Acha niseme ukweli hata kama unaniharibia hasira. Siku moja aliandika maneno mawili tu, lima na zima (ya kuzima moto), akauliza kwa nini moja lina l na jingine lina z. Tukacheka. Kwani lisingekuwa hivyo lingekuwaje? Akasema Kibantu cha kale kilikuwa na irabu saba, siyo tano, na maneno yale mawili yalianza na sauti moja, kitu kama d. Tofauti ilikuwa kwenye irabu: moja lilikuwa na i ya juu kabisa, jingine na i iliyokaa chini yake kidogo. Ile ya juu ndiyo iliyoing'ata konsonanti iliyoitangulia mpaka ikageuka z. Baadaye Kiswahili kikaziunganisha zile i mbili zikawa moja, lakini alama za meno zikabaki. Ndiyo maana anayepika tunamwita mpishi, aliyelewa mlevi, anayeiba mwizi: i ya mwisho pale nayo ilikuwa ile ya juu. Nilikaa pale kwenye kiti nikijiona kama mtu aliyeonyeshwa makaburi ndani ya sebule yake.

Halafu akanigeukia. "Binti wa M31, kwenu mna irabu ngapi?" Nikasema tano, ndivyo nilivyofundishwa. Akasema, "Kampigie bibi yako simu usikilize vizuri."

Saba. Zote saba zipo hadi leo. Nimezisema tangu nipate meno na sikuwahi kuzisikia. Kumbe wenzangu Wahehe wana toni, na yule rafiki yangu niliyekuwa nakaa naye geto alikuwa anapigishwa miluzi darasani badala ya maneno, ili tusikie sauti inapopanda na inaposhuka. Sisi Wanyakyusa toni tumeipoteza, irabu tumezitunza. Kiswahili sanifu kimetupa vyote. Usiku nilikuwa narudi geto nikitamka i peke yangu barabarani, madereva wa bajaji wananipisha.

Kwa hiyo mwaka wa tatu ulipofika sikuwa na mjadala. Tasnifu yangu ni irabu za Kinyakyusa.

Likizo nikaenda nyumbani, simu ndiyo kinasa sauti, wazee sita na bibi akiwa wa saba. Wanaoijua Rungwe wanajua mvua yake. Nusu ya rekodi zangu ni bati linapigwa, na katikati yake sauti ya bibi inauliza kama hiki chombo kinakula hela. Maneno mengine ilibidi nimrudishe mara nne, mara tano. Akasema chuo gani hiki kinachomlipisha mtu kujifunza neno "kulima".

Kuandika nako kukawa kazi. Irabu saba haziwezi kukaa kwenye herufi tano, kwa hiyo nikatumia i yenye mkato na u yenye mkato, ɨ na ʉ, kama wanavyoandika watafsiri wa Biblia kwa lugha za kwetu Mbeya. Nikaenda steshenari ya karibu na geti, ikatoka visanduku vitupu. Neno zima visanduku. Kijana wa pale, Mungu ambariki, alihangaika na ile kompyuta mpaka saa tatu usiku, akapata fonti, akanitolea upya kurasa zote na hakuniongezea hata mia. Nikabaindi. Nikanusa karatasi kama mkate.

Hapohapo kati, mwalimu wangu wa fonolojia, ambaye ndiye alikuwa msimamizi wangu, akaenda kusoma nje. Faili langu likahamia kwa mratibu wa tasnifu. Mtu mzima, mtu wa fasihi, anaheshimika, na ushairi anaufundisha vizuri, silikatai hilo.

Baada ya wiki mbili hivi nikaitwa. Nikafungua ukurasa wa kwanza: duara nyekundu. Wa pili: duara. Kila ɨ duara, kila ʉ duara. Neno la bibi, ʉkʉlɨma, kulima, lilikuwa na duara tatu peke yake. Ʉmʉndʉ, yaani mtu, duara tatu. Mtu mzima amekosewa! Pembeni ameandika, "Makosa ya uchapaji. Sahihisha." Alikwenda hivyo mpaka ukurasa wa 31, nadhani wino ukamchosha, akaandika "n.k."

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba. Binti, kibodi yako ina ugonjwa gani?"

Nikamwambia zile ni irabu, Kinyakyusa kina saba.

"Irabu ni tano. A, e, i, o, u. Hata mtoto wa chekechea anazijua."

"Hizo ni za Kiswahili, Dokta."

Nadhani ningenyamaza hapo ningekuwa mtu mwingine leo. Katibu muhtasi alikuwepo, na wanafunzi wengine wawili waliokuwa wanasubiri sahihi. Akavua miwani, akaniangalia. "Unanifundisha kazi? Na hiki kilugha chenu nani atakuajiri nacho? Bibi yako?"

Wakacheka. Katibu muhtasi akacheka, wale wawili wakacheka. Na mimi nikacheka. Ningekuwa na uwezo wa kurudia dakika moja ya miaka mitatu ningerudia hiyo, nikae kimya tu, nisicheke. Yule aliyerudia maneno mara tano kwenye kelele za bati, nimemcheka ofisini ili niondoke na amani.

Akasema nifute vistari vyote, nilete Ijumaa, vinginevyo jina halipelekwi kwenye orodha ya wahitimu. Kumpigia msimamizi, simu haipatikani. Ujumbe wa WhatsApp, tiki moja.

Basi nikafuta. Ni kazi ya sekunde tatu. Unaiambia kompyuta kila ɨ iwe i, kila ʉ iwe u, badilisha zote. Ikaniambia imebadilisha sehemu zaidi ya 1,400, na imeniambia kwa furaha kabisa. Halafu nikashuka kwenye jedwali la jozi mlinganuo finyu, yaani maneno mawili yanayotofautiana kwa sauti moja tu na maana zikawa mbili. Roho ya tasnifu nzima ilikuwa humo. Safu ya kushoto neno. Safu ya kulia neno lilelile. Chini yake maelezo yangu mwenyewe: "Kama inavyoonekana, maneno haya yanatofautiana kwa irabu." Kurasa mbili za namna hiyo. Sikugusa kitu. Nikasema mtu atakayeifungua ataona, atauliza.

Ijumaa Dokta alisaini jalada bila kufunua. Nikapata B.

Sasa hapa ndipo hasira yangu inapopata kigugumizi. Maana nikikaa nikafikiri, yule mzee alisoma kurasa 31 kwa mkono wake. Amenitukana, lakini alisoma. Mwalimu wangu mpenzi, wa M31, wa lima na zima, nilimtumia sura ya kwanza hata kabla hajaondoka, na barua pepe ile mpaka leo haijajibiwa. Tiki ilikuja kuwa mbili baada ya mahafali, za bluu, kimya. Nimkasirikie nani? Aliyenifungua masikio akaondoka, au aliyebaki akanifungia? Kuna siku namchukia wa kwanza kuliko wa pili.

Na chuo chenyewe? Kuna kitu pale hukipati kwingine. Unakaa darasa moja na Mhehe, Mbena, Mkinga, Msafwa, Mnyiha, kila mmoja kaja na lugha mdomoni, hulazimiki kukopa mifano kwenye kitabu cha mtu. Fonimu, zile sauti zinazotofautisha maana, unafundishwa asubuhi kwa Kiingereza, mchana kwa Kiswahili, jioni geto mnabishana kwa lugha nne huku kande inaungua. Kwa hilo ningesema nenda. Nenda, omba mwalimu asipate ufadhili mpaka umalize.

Nilikuwa nimeishia hapo, nimeshatulia. Juzi mdogo wangu wa mwaka wa kwanza, chuo hichohicho, kanipigia kwa furaha. Kaikuta tasnifu yangu maktaba. Wana kazi ya kuandika kuhusu lugha ya nyumbani na yeye ataninukuu mimi, dada yake. "Dada, kumbe umeandika Kinyakyusa kina irabu saba, lakini kwenye jedwali naziona tano. Niandike ngapi?"

Usiende. Nimerudi palepale, usiende.

Bibi nilimpelekea picha ya mahafali, kaitundika karibu na kalenda ya kanisa. Kitabu hajawahi kuniomba na sijampa. Nakala yenye vistari vyake vyote ipo kwangu, Uyole, ndani ya begi la nguo za baridi, pamoja na rekodi za mvua. Mdogo wangu anakuja Jumamosi. Nimemwambia aje na flashi.