Shokapu, springi au koilova? Cha kununua kwa Altezza yako hapa Unguja na Pemba

Mwenye Altezza akianza kuitengeneza huanzia rimu. Anaona rimu za inchi 18 dukani, anazifunga, halafu anaona uwazi mkubwa kati ya tairi na fenda unamkera, ndipo anapokwenda gereji kuishusha. Kwa maoni yangu mpangilio huo ndio unaomaliza gari nyingi nzuri hapa kwetu. Pesa ya kwanza iende kwenye shokapu, ya pili kwenye bushi (zile raba za maungio ya miguu ya gari) na springi, rimu zije mwisho. Na kimo cha gari kiamuliwe na barabara unayopita kila siku. Gari iliyopangwa hivyo inapendeza pia, na inaendelea kupendeza mwaka wa tatu na wa nne, wakati nyingine zimeshaanza kulia kila kona.

Nimechagua Altezza kwa sababu ina msingi ambao gari nyingi za bei yake hazina. Toyota iliiunda kuanzia 1998 hadi 2005, na ilichukua tuzo ya Gari Bora la Mwaka ya Japani ya 1998–1999. Nje ya Japani iliuzwa kama Lexus IS. RS200 ina injini ya 3S-GE, lita 2, silinda nne, nguvu farasi 210 kwa ile ya gia sita za mkono. AS200 ina 1G-FE ya silinda sita za mstari mmoja, nguvu farasi 160. Zote zinasukumwa na tairi za nyuma, na miguu yote minne ina wishiboni mbili, yaani amu zinazoshika tairi, juu na chini. Lakini hata ile ya mwisho kabisa kutoka kiwandani sasa imevuka miaka 20. Kama shokapu zake ni zile ilizoshuka nazo bandarini Malindi, basi unaendesha kivuli cha Altezza.

Wenye Mark II na Mark X wanaweza kufuata haya nitakayoyasema karibu yote. Mwenye Impreza ya 2000 hadi 2007 akumbuke kwamba gari yake ina strati, yaani mguu ambao shokapu ndiyo nguzo yake, mbele na nyuma, kwa hiyo shokapu yenyewe inasaidia kushika tairi isimame wima. Kwake shokapu mbovu ina madhara makubwa zaidi.

Kabla hujatoa hata shilingi, kagua

Simamisha gari mahali pa sawa. Egemea kona ya mbele kwa uzito wako wote, kisha achia ghafla. Ikipanda mara moja na kutulia, shokapu bado ina nguvu. Ikiendelea kucheza juu na chini, imekufa. Rudia kona zote nne, kwa sababu mara nyingi hufa upande mmoja kwanza. Halafu chukua tochi uchungulie nyuma ya tairi. Ukungu mwembamba wa mafuta uliokauka karibu na shingo ya shokapu si tatizo. Ukikuta mafuta mabichi yameteremka hadi chini na kushika vumbi jeusi, hiyo imevuja.

Ukiwa hapo hapo, tazama bushi za amu za chini. Raba iliyopasuka hadi unaona chuma cha katikati haiwezi kuishika tairi mahali pake. Gari ikifunga breki, tairi inarudi nyuma kidogo. Ukiongeza mafuta, inasogea mbele. Hakuna koilova duniani, yaani shokapu na springi zilizofungwa pamoja zenye nyuzi za kupangia kimo, itakayoponya hilo. Kagua na bolijointi, na linki za stabilaiza, zile ndogo zinazogonga ko-ko-ko kila ukipita tuta. Vyote hivyo ni vya bei ndogo ukilinganisha na koilova, na ukivibadilisha utashangaa gari inavyorudi ujana.

Barabara zenyewe zinataka nini

Unguja ni tambarare. Barabara kuu za lami ni nzuri, na unapotoka Tunguu kwenda Paje hakuna kona ya kuitesa Altezza. Kinachoitesa ni matuta, kama yale ya msitu wa Jozani yaliyowekwa ili kima punju wavuke salama, na zile njia za ndani za kifusi cha mawe ya matumbawe ambako jiwe moja lililochongoka linatosha kuchana bampa. Masika yakianza mwezi wa tatu, mashimo hujaa maji na huwezi kujua kina chake. Kwa hiyo gari ya Unguja inataka nafasi ya kutosha chini ya tumbo lake na shokapu inayomeza tuta bila kugonga.

Pemba ni habari nyingine. Kuna vilima na mabonde, kona inafuata kona, unapanda na kushuka ukiwa bado kwenye usukani. Kule gari iliyolegea hulala upande mmoja, na kabla haijainuka kona ya pili imefika. Mwenye gari Pemba nitamruhusu ugumu kidogo zaidi ya wa Unguja. Kuishusha sana, simruhusu kokote.

Nafasi ya kwanza: shokapu mpya na springi za kushusha kidogo

Hili ndilo chaguo langu kwa wengi. Nunua shokapu nne mpya za KYB aina ya New SR Special, zile za rangi ya buluu, uzifunge na springi za kushusha milimita 20 hadi 30. Shokapu hizi zina ukinzani zaidi ya zile za kawaida, na zimeundwa kukubali springi za asili pamoja na za kushusha. Kwa springi, Tein wana H-Tech ambazo hushusha kwa kiasi, na S-Tech ambazo hushusha zaidi. Hapa kwetu chukua H-Tech.

Faida yake kubwa ni kwamba hakuna kitu cha kuharibika. Hakuna nyuzi za kushika kutu, hakuna vitufe, hakuna fundi atakayekuja kuchezea kimo. Gari inashuka kiasi cha kupunguza ule uwazi juu ya tairi, na bado unafika Nungwi na abiria wanne bila kusikia mpira wa ndani ya shokapu ukigonga. Ukibadilika mawazo kesho, unarudisha springi za asili juu ya shokapu zile zile.

Nafasi ya pili: shokapu mpya, springi zile zile za kiwandani

Wapo watakaoniona mzee kwa kuliweka hili juu ya koilova. Lakini hebu fikiria unayekaa ndani ya mtaa ambao lami haijafika. Nyumbani kwako kuna mita 300 za kifusi, asubuhi na jioni. Altezza yenye shokapu mpya, bushi mpya, springi zake za asili na tairi nzuri ni gari ya raha na inashika barabara kweli kweli. Ilipangwa hivyo na wahandisi waliojua kazi yao. Hili ndilo chaguo la bei ya chini kati ya yale ninayoyakubali, na ni jema kwa anayejipanga taratibu, kwani springi za kushusha anaweza kuziongeza baadaye.

Nafasi ya tatu: koilova mpya za mirija miwili

Hapa namaanisha kitu kama Tein Flex Z: unapanga kimo kwa kuzungusha chini ya shokapu, na ugumu kwa kitufe chenye hatua 16. Kwa anayependa kuijua gari yake, na hasa wa Pemba anayetaka ugumu wa kona za barabara ya Chake–Wete leo na ulaini kesho akimbeba mama hospitali, ni pesa iliyotumika vizuri.

Nasisitiza mirija miwili kwa sababu ya mawe yetu. Katika shokapu ya aina hii, pistoni hutembea ndani ya mrija uliofunikwa na mrija mwingine. Jiwe likiruka na kubonyeza ganda la nje, kazi ya ndani inaendelea. Katika ile ya mrija mmoja pistoni inasugua ukuta ule ule unaopigwa na jiwe, na ganda likibonyea pistoni hukwama.

Tatizo la koilova kwetu ni chumvi. Hewa ya bahari iko kila mahali, na nyuzi za kupangia kimo zikiachwa hushika kutu na kugandana. Osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara kwa mara, hasa ukiegesha gari pwani, kausha, piga brashi, kisha paka mafuta ya kuzuia kutu. Asiyekuwa na moyo wa kazi hiyo arudi nafasi ya kwanza, atakuwa na amani.

Nafasi ya nne: koilova za mrija mmoja, ngumu, za mbio

BC Racing za hatua 30 na nyingine za namna hiyo ni vifaa vizuri. Mrija mmoja hupoa haraka na haupotezi nguvu mafuta yakipata moto, ndiyo maana wanaokwenda uwanja wa mbio wanazipenda. Sisi hatuna uwanja wa mbio. Barabara zetu zina watoto wa skuli, baiskeli na ng'ombe, na mwendo wa kuzifaidi shokapu hizo si mwendo wa kukimbiza hapa. Utalipa zaidi ili uumie mgongo zaidi.

Nafasi ya tano: koilova za mtumba

Zinakuja na kontena kutoka Japani, zimeng'aa, jina kubwa, bei ya kuvutia. Kamata shina la shokapu, lisukume ndani kwa mkono, uliachie. Linapaswa kuingia kwa uzito ule ule mwanzo hadi mwisho. Likiteleza bila ukinzani, au likishika na kuachia njiani, liache dukani. Pitisha kidole kwenye shina: ukihisi mkwaruzo au vidoti vya kutu, sili ya mafuta itakatika karibuni. Zungusha ringi za kimo. Zisipozunguka kwa spana, hazitazunguka tena. Nne zikifaulu zote, nunua. Kwa kawaida unapata mbili nzuri na mbili mbovu, na mbili hazikufai.

Za mwisho: springi za kushusha juu ya shokapu zilizochoka, na springi za kukata

Ya kwanza ni upotevu, kwani springi ngumu humaliza shokapu iliyokwisha kuchoka. Ya pili ni hatari, na naomba mtu asiifanye. Ukikata springi unabadilisha vitu viwili kwa pamoja. Springi yenye mizunguko sita inayofanya kazi, ikikatwa mzunguko mmoja na nusu, ugumu wake unapanda kwa theluthi. Shokapu haikupangwa kwa ugumu huo, kwa hiyo gari inaruka badala ya kutulia. La pili ni ncha. Springi ya kiwandani imekaa kwenye kitako chake kwa ncha iliyotengenezwa ikalie hapo. Iliyokatwa kwa grainda ina ncha kali isiyokaa popote. Ukiiinua gari kwa jeki utaiona springi inacheza, imelegea kabisa. Sasa fikiria tairi likining'inia baada ya tuta kwa mwendo, springi inatoka mahali pake, halafu gari inashuka.

Sasa tuzungumze uzuri

Altezza ni nzuri kwa sababu ya vipimo vyake: boneti ndefu, mkia mfupi, tairi zilizosogezwa pembeni. Taa zake za nyuma za kioo cheupe ziliigwa na wauza mapambo ya magari dunia nzima, na dashibodi yenye mita ndogo ndani ya mita kubwa, kama saa ya mkononi, haijapitwa hadi leo. Gari kama hii haihitaji kuongezewa mengi.

Kimo kinachoifaa ni kile ambacho kati ya tairi na fenda vinaingia vidole viwili hadi vitatu, na pua iko chini kidogo kuliko mkia. Mkia ukilala, gari inaonekana imebeba saruji. Rimu za inchi 17 zenye tairi 215/45 zinatosha kabisa. Ubavu wa tairi hiyo una milimita 97 hivi. Ukienda inchi 18 na 215/40 unabaki na 86, na kimo cha tairi zima ni karibu kile kile. Kwa hiyo ulichofanya ni kuondoa milimita 11 za raba zilizokuwa zikiilinda rimu na shimo.

Bodikiti ya mbele inayoning'inia chini haimalizi masika. Spoila ndogo ya kiwandani, sawa; bawa kubwa juu ya buti linaiharibu ile shepu ya mkia mfupi. Kabla ya yote hayo, ng'arisha taa za mbele na urekebishe rangi iliyopauka kwa jua. Ni kazi ndogo inayobadilisha gari zaidi ya plastiki yoyote.

Kufunga na kupanga

Mwambie fundi jambo hili kabla hajafungua spana: boliti za bushi zikazwe mwisho gari ikiwa imesimama kwa uzito wake, si ikiwa inaning'inia kwenye jeki. Raba ya bushi imegandishwa kwenye chuma. Ikikazwa miguu ikiwa imening'inia, gari ikishuka raba inakaa imejipinda muda wote, na inapasuka mapema.

Kwa wenye kitufe cha Tein: zungusha kulia hadi mwisho, hapo ni sifuri, ugumu wote. Kisha rudisha kushoto ukihesabu. Anzia hatua ya 12 mbele na nyuma, pita njia yako ya kawaida, halafu kaza hatua mbili mbili. Gari ikiendelea kuyumba baada ya tuta, kaza. Ikianza kurukaruka kwenye mikunjo midogo ya lami, umepita, rudi nyuma. Badilisha mbele peke yake au nyuma peke yake kila mara, la sivyo hutajua kilichofanya kazi.

Mwisho ni alaimenti, yaani kunyoosha tairi kwa mashine, na isifanywe siku hiyo hiyo. Ziache springi zikae wiki moja ya matumizi, kaza boliti upya, ndipo uende. Gari ikishuka, wishiboni zinalaza tairi ndani kwa juu. Kiasi kidogo kinasaidia kwenye kona, kikizidi kinakula ubavu wa ndani. Baada ya mwezi, geuza usukani hadi mwisho, ingiza mkono nyuma ya tairi la mbele na upapase ubavu huo. Ukiwa umeanza kulainika kuliko wa nje, rudi kwenye mashine kabla waya hazijatokeza.